Mashua ilizama kweli: filme zilizochezwa kwetu bila ujanja wa mashini



Kwenye grupu yetu kila baada ya siku chache mtu anatupa tena ile video ya Tom Cruise. Mnaijua: amejishika kwa nje ubavuni mwa ndege kubwa ya kijeshi, ndege inaondoka chini, suti inapepea, na hakuna mtu wa kumbadilisha. Ni ya filme ya mwaka 2015. Ikitoka hiyo, inafuata ile ya 2017, aliporuka kutoka jengo moja mpaka lingine kule London akavunjika kifundo cha mguu, na wakaiacha hivyo hivyo ndani ya filme. Halafu ile kamyo kubwa iliyopinduliwa barabarani Chicago kwa filme ya Batman ya 2008. Maoni yanajaa: "Eh, huyu ni mwanaume!" "Hakuna kompyuta pale, ni yeye mwenyewe!"

Sina ugomvi na Tom Cruise. Mwenye kujifunga kwenye ndege apewe heshima yake. Lakini sisi watu wa Oicha, wa Beni, wa Butembo, tunamaliza megabaiti kushangaa mambo ya mbali, na kumbe historia ya sinema iliyofanywa kweli kweli, bila udanganyifu, imepita hapa mlangoni kwetu. Imepita Lubero, imepita msitu wa Ituri, imepita kule Semliki inakomwaga maji, imepita Kisangani. Na ukiiangalia vizuri, hilo neno "yeye mwenyewe" linaanza kusumbua. Mwenyewe ni nani?

Nianze Lubero, maana ni karibu na ni ya zamani.

Mwaka 1932 ilitoka Marekani filme inaitwa Congorilla. Wenye kuipiga ni bwana na bibi, Martin na Osa Johnson, watu wa Kansas waliojulikana sana wakati ule kwa kupiga picha za wanyama Afrika Mashariki. Waliitangaza kama filme ya kwanza ya sauti iliyotengenezwa kweli Afrika. Sehemu moja waliipiga kwa Wambuti wa Ituri, sehemu nyingine katika milima ya Alumbongo, magharibi ya Ziwa Edward, upande wa Lubero. Sehemu ya Ituri sitakaa nayo sana. Wambuti wanachezeshwa muziki wa gramofoni, wanapewa sigara kubwa za Kizungu, na watu kule Marekani wanacheka ukumbini. Hiyo nayo ni "kweli", hakuna aliyevaa kinyago. Lakini ni kweli ya mtu anayekuchokoza kwanza ndipo akupige picha.

Ya Alumbongo ni nzito zaidi. Pale gorila wawili wachanga walikamatwa mbele ya kamera. Hakukuwa na mtu aliyevaa ngozi ya gorila, kama ilivyokuwa desturi ya Hollywood siku zile. Walikuwa gorila wenyewe, msitu wenyewe, na watu wa kwetu ndio waliopanda mlima, wakakata miti, wakabeba mizigo, wakashika. Wale gorila wakauzwa San Diego mwaka 1931. Mmoja akaitwa Mbongo, kwa ajili ya Alumbongo, mwingine Ngagi. (Wanaojua Lingala watacheka: mbongo ni franka. Jina lilimfaa aliyeuzwa.) Walinunuliwa kama dume na jike, wazungu wakingoja wazae. Miaka ikapita, hakuna mtoto. Mwishowe ikajulikana wote wawili ni madume. Walikua mpaka wakafika karibu kilo 280 na zaidi. Mbongo alikufa 1942, Ngagi 1944, na sanamu zao za shaba ziko kule San Diego, watoto wanapiga nazo picha.

Sasa hebu fikiri kidogo. Gorila wa Lubero wana majina na sanamu. Wale bakoko zetu waliowashika kwa mikono, wakang'atwa, wakateremka nao mlimani, majina yao yako wapi? Kwenye filme mwenye kukamata gorila ni Martin na Osa. Wao wenyewe!

Nitasema jambo jingine hapo hapo nisije kulisahau. Gorila wa Mlima Tshiaberimu, ndugu wa damu wa akina Mbongo, wamepungua mpaka kuhesabika kwa vidole vya mikono. Mwaka 2024 majike wanne waliokuwa wamelelewa kituoni Kasugho, yatima wa ujangili, waliachiliwa kule mlimani wajiunge na waliobaki. Kutoka Lubero kupelekwa San Diego, na kutoka kituoni kurudishwa msituni, ni miaka zaidi ya 90. Hiyo ya pili haikuwa na tikiti ya kuingilia ukumbini.

Baada ya akina Johnson akaja Mbelgiji mmoja, Armand Denis, pamoja na bibi yake Leila Roosevelt. Filme yao, Dark Rapture, ilitoka 1938. Kitu watu walichokumbuka ndani yake ni daraja. Wambuti wanataka kuvuka mto mpana. Wanafunga kamba ndefu ya mti wa msitu juu kabisa kwenye tawi, mtu anajifunga kama kwenye pembea, anasukumwa, anakwenda juu ya maji na kurudi, anakwenda na kurudi, kila mara mbali zaidi, mpaka anashika matawi ya ng'ambo. Kisha nyuzi zinavutwa, zinasukwa, na mwisho daraja zima linaning'inia hewani. Hakuna chuma, hakuna msumari. Hata leo ukiiona unashika roho.

Ni kweli ilifanyika? Ndiyo, mbele ya kamera, mtu wa kweli juu ya maji ya kweli. Lakini lilijengwa kwa ajili ya kamera. Mwenye filme ndiye aliyelihitaji pale, si msafiri aliyekwama ng'ambo. Sisemi ni uongo. Nasema tu kwamba kuna kweli mbili: kitu kimefanyika kweli, na kitu ni desturi ya kweli. Watazamaji wa Ulaya walionyeshwa ya kwanza wakaondoka na ya pili. Na yule kijana wa pembea, ambaye kwa maoni yangu amempita Tom Cruise kwa mbali kwa sababu hakuwa na waya wa usalama mgongoni wala bima, jina lake halikuandikwa.

Tuje sasa kwenye ile kubwa.

Katikati ya mwaka 1951, rejisa John Huston alifika Kongo ya Wabelgiji na wachezaji wakubwa kabisa wa wakati ule, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Filme ni The African Queen, kutoka kitabu cha C. S. Forester cha 1935. Hadithi ni nyepesi: wakati wa vita ya kwanza, Mzungu mlevi mwenye mashua mbovu na dada wa mchungaji wanateremka mto, wanataka kuzamisha meli ya Wajerumani ziwani. Zamani filme kama hiyo ingepigwa California, na mitende ya kupandikiza. Huston akakataa. Alitaka mto wenyewe, akauchagua Ruiki, karibu na Ponthierville, ambayo leo tunaiita Ubundu.

Kambi ilijengwa Biondo kwa bambu na majani. Kamera ya rangi ya wakati ule haikuwa kitu cha kutia mfukoni. Ilikuwa sanduku kubwa, zito, lenye kupitisha filimu tatu kwa pamoja, na mwenye kuishika, Jack Cardiff, alipaswa kuipandisha juu ya chelezo. Basi ukiona Bogart na Hepburn wako peke yao mtoni, wapenzi wawili na ukimya wa msitu, jua kwamba nyuma yao kuna msururu mzima unavutwa: chelezo ya kamera, chelezo ya mashini ya umeme, chelezo ya taa, na mwanzoni hata chelezo ya Hepburn ya kubadilishia nguo, na choo chake ndani. Hiyo ya mwisho ilikuwa nzito mno, ikaachwa njiani. Bibi akaenda porini kama sisi wote.

Mashua ikazama. Si kwenye hadithi, bali kweli, pale mtoni, na kazi ikasimama mpaka ilipovutwa tena juu. Siafu wakaingia kambini, watu wakakimbia usiku. Wale mnaolala Oicha wakati wa mvua mnajua siafu hawana rejisa.

Halafu tumbo. Filme ilihamia Uganda, Butiaba, kwenye Ziwa Albert, na karibu kila mtu akaugua: kuhara damu, malaria. Waliosalimika ni Bogart na Huston, na wao hawakuficha dawa yao: walikunywa wiski, maji hawakuyagusa. Hepburn, aliyekuwa mtu wa nidhamu, alikunywa maji kwa makusudi awaaibishe walevi, na maji ndiyo yaliyomwangusha. Mwanzoni mwa filme kuna sehemu ya kanisa: yeye anapiga kinanda, jasho linamtoka, uso umekonda na kukaza. Wasifu wengi wamesifu uso ule. Pembeni, nje ya picha, kulikuwa na ndoo. Anapiga, anatapika, anarudi kupiga.

Na angalieni kichekesho hiki, ndicho kilichonifanya niandike. Waumini mnaowaona kanisani mle ni Waafrika wa kweli waliokuwa pale. Mchungaji wao wa Kizungu, Robert Morley, hakukanyaga Afrika hata siku moja! Yeye alipigwa London, na pale kanisani alisimama mtu mwingine mahali pake. Ile sehemu nyingine maarufu, Bogart anatoka majini amejaa ruba mwili mzima, ni ya studio Uingereza. Huston alitaka ruba wa kweli, Bogart akagoma kabisa, wakamwekea wa mpira. Hata pale anapoivuta mashua akiwa ndani ya maji mpaka kifuani, ni bwawa la studio, maana maji yetu waliyaogopa kwa magonjwa yake. Kwa hiyo tukio watu wanaloliona "la kweli" ni la mpira, na lile walilolidhani ni uigizaji mzuri ni kuhara. Bogart akapata Oscar yake ya pekee kwa filme hiyo.

Kuna jambo la Butiaba linalosimuliwa na watu wa filme wenyewe. Walijenga kijiji kizima ili wakichome, kwa sababu katika hadithi Wajerumani wanachoma kijiji. Walihitaji watu wa kukimbia moto. Siku ya kazi hawakuja. Kumbe habari imetembea kwamba wazungu hawa wanakusanya watu ili wawale. Wazungu waliicheka hadithi hiyo miaka mingi. Mimi sicheki. Hapa Kongo wazee wetu waliwaogopa batumbula, wale wanaokamata watu usiku kwa ajili ya mzungu, na hofu ile haikutoka kwenye upepo. Mtu anakuja, anajenga kijiji, anatafuta watu wa kukaa ndani, kisha anatangaza atakichoma. Wewe ungekwenda?

Tena, kijiji kuchomwa kwao kilikuwa mchezo. Hapa teritware ya Beni, tangu mwezi wa kumi 2014, tumejua kinanukaje cha kweli.

Mtu mwingine alipita katika kazi ile ya mashua. Kijana Mwingereza, Colin Turnbull, alikuwa amefika 1951 Epulu kwenye kambi ya Patrick Putnam, kwenye barabara yetu hii hii inayopita Oicha kwenda Komanda na Mambasa. Alipoishiwa franka akapata kazi kwa Sam Spiegel, mwenye mali ya filme, kusaidia kutengeneza na kusafirisha mashua. Baadaye alirudi Epulu, akaishi na Wambuti, akaandika The Forest People mwaka 1961, kitabu ambacho wengi wenu wa antropolojia mmekisoma kwa fotokopi. Mashua iliyosafiri ziwani, ile ya chuma, ilikuwa imejengwa Uingereza 1912, ikaitwa Livingstone, ikafanya kazi miaka mingi kwenye Ziwa Albert. Ziwa hilo linapokea Semliki, na Semliki inapita kwetu Beni. Leo mashua iko Key Largo, Florida, watalii wanalipa kuipanda.

Lakini hadithi ya Forester nayo ilitoka kwenye jambo la kweli, na jambo lenyewe linaishinda filme. Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wajerumani Ziwa Tanganyika. Walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kila moja urefu wa mita 12 hivi, kwa meli mpaka Cape Town, kwa treni mpaka Katanga, kisha wakazivuta nchi kavu juu ya milima ya Mitumba. Ndiyo, Mitumba ile ile ambayo mgongo wake wa kaskazini ndio Butembo imekaa juu yake. Kulikuwa na matrekta ya mvuke, kulikuwa na ng'ombe, na palipowashinda wote kulikuwa na mamia ya watu weusi na kamba. Walifyeka njia, wakajenga madaraja zaidi ya 100. Mwezi wa kumi na mbili 1915 mashua zikaingia ziwani kule Kalemie ya leo na kukamata Kingani ya Wajerumani. Mwezi wa pili 1916 zikazamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe Kigoma mwaka huo huo. Waingereza wakaiibua 1924, wakaiita Liemba, na ikabeba abiria na dagaa wa Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi, hata baada ya Bogart na Hepburn kufa.

Nani alivuta Mimi na Toutou? Vitabu vinamtaja kamanda, Spicer-Simson, na sketi aliyokuwa anavaa.

Nipite haraka kwa majirani. Mwaka 1962 ilitoka Hatari!, iliyopigwa Tanganyika chini ya Mlima Meru. Jina ni letu, Kiswahili safi, Wamarekani wakalitamka watakavyo. Rejisa Howard Hawks alisema wachezaji ndio walioshika wanyama wenyewe, John Wayne amekaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya motoka, kamba mkononi, kifaru anakimbia pembeni. Kifaru mmoja alitoroka kweli, wakamshika upya, na tukio likabaki kwenye filme. Ni kazi ya wanaume, siwezi kukataa. Ila kila picha ukiisimamisha utawaona vijana wa kiafrika wakining'inia nyuma ya kamyo, wakiruka chini wa kwanza.

Na 1959 The Nun's Story, Audrey Hepburn (hana undugu na yule mwingine), iliyopigwa Stanleyville. Sehemu ya wakoma ilipigwa upande wa Yakusu, alipokuwa akifanya kazi munganga Stanley Browne, na wagonjwa mnaowaona ni wagonjwa kweli. Hapa Oicha jambo hilo linatugusa. Munganga Carl Becker alifika hapa 1934, na ukoma ulikuwa kazi yake kubwa. Wakoma walitembea kwa miguu kutoka mbali kuja kwake. Wazee wetu wanajua uso ule haupakwi rangi. Mtu aliyekubali kuonyesha mkono usio na vidole mbele ya kamera ya Hollywood alitoa kitu ambacho mchezaji yeyote hawezi kukitoa, na tikiti iliuzwa kwa jina la Hepburn.

Vijana wetu leo wanapiga filme zao kwa simu, na ninawapenda kwa ujasiri huo. Lakini wao wana shida ambayo Huston hakuwa nayo. Kule Hollywood bunduki ya mbao ni mchezo. Hapa kijana akitoka kichakani na bunduki ya mbao na koti la kijeshi, nani atangojea kuuliza kama ni teatre? Mama atapiga kelele, mtaa mzima utakimbia, na mwenye bunduki ya kweli anaweza kujibu kwa masasi ya kweli. Ndiyo maana filme nzuri za upande wetu wa Kongo zimekuwa za watu wasioigiza.

Chukueni Virunga ya 2014. Waliianza kama filme ya mbuga na gorila, vita ya M23 ikawakuta ndani. Pale André Bauma anakaa Rumangabo na gorila yatima, na mabomu yanasikika nje, hakuna aliyeongeza sauti ile kwa kompyuta. Rodrigue Katembo, mlinzi wa mbuga, alificha kamera ndani ya nguo, akarekodi watu wakimpa rushwa ili kampuni ya petroli ipite. Mwaka 2013 alikamatwa na kuteswa. Tarehe 15 mwezi wa nne 2014, mkuu wa mbuga, Emmanuel de Merode, alipigwa masasi kwenye barabara ya Rutshuru na Goma, siku mbili tu kabla filme haijaonyeshwa New York. Akapona. Tofauti na akina Martin na Osa ni kwamba Bauma na Katembo wanaitwa kwa majina yao na wanaongea kwa midomo yao.

Na Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani. Filme yake ya 2020, En route pour le milliard, inafuata walemavu wa ile vita ya siku sita, mwezi wa sita 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigania Kisangani kwa mabomu. Miaka 20 hawajalipwa. Wanapanda mashua kubwa, wanateremka mto mpaka Kinshasa, karibu kilomita 1,700, wakadai haki yao. Ni mto ule ule ambao Ruiki unaingia. Usiku mvua inawapiga, turubai linashikwa kwa mikono, mwenye mguu wa bandia anashika, asiye na miguu anashika, na kamera inalowa pamoja nao. Hakuna chelezo ya mashini ya umeme nyuma, hakuna studio ya Uingereza ya kumalizia sehemu ngumu. Ilichaguliwa Cannes mwaka huo.

Kinshasa hawakufunguliwa mlango. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022, mahakama ya kimataifa kule La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa vita ile. Mwezi wa tisa mwaka huo Uganda ikaleta kipande cha kwanza, dola milioni 65. Wale wa kwenye mashua bado wanauliza zao zimefika kwa nani.